Mzee yuko Nachingwea, mimi niko Mtwara: nawezaje kuiona skrini ya laptopu yake?

Swali: "Habari za kazi mtaalamu. Naishi Mtwara mjini, Shangani, baba yangu ni mwalimu mstaafu yuko Nachingwea. Ana laptopu ya Windows 10 anayoandikia mambo yake na hesabu za korosho, na kila wiki ananipigia kuna kitu kimegoma, mara maandishi yamekuwa makubwa, mara printa haitoi, mara faili la Excel halionekani. Kumwelekeza kwa simu tunachoka wote wawili. Nimejaribu ile Remote Desktop ya Windows, nikaandika IP ya laptopu yake 192.168.8.100, ikagoma, na cha ajabu hata kompyuta yangu hapa ina namba hiyohiyo. Yeye anatumia modemu ya laini ya simu na mimi pia. Kijana mmoja wa steshenari kaniambia ninunue IP maalum halafu nifungue poti 3389 kwenye modemu. Mwingine kaniambia AnyDesk ni ya matapeli nisiiguse. Pia ningependa nikiwa kazini niweze kuingia kwenye kompyuta yangu ya mezani nyumbani. Bando langu siyo kubwa. Nianzie wapi?"

Ndugu yangu, kabla ya yote usiguse setingi za modemu ya mzee na usinunue IP yoyote, hela hiyo ibaki mfukoni. Unachotaka kinawezekana kwa programu za bure na kwa modemu hizohizo mlizonazo, ila kwanza uelewe kwa nini ulipojaribu imegoma, maana ukishaelewa hapo hutayumbishwa tena na kila mwenye ushauri wake.

Hiyo 192.168.8.100 ni namba ya ndani ya nyumba. Modemu ndiyo inaigawa kwa vifaa vilivyounganishwa nayo, na modemu nyingi za laini zinazotumika huku zinagawa kuanzia hapohapo kwenye 192.168.8, ndiyo maana yako na ya mzee zimefanana, na jirani yako mwenye modemu ya aina hiyo utaikuta kwake tena. Namba zinazoanza na 192.168 pamoja na zile za 10 zilitengwa makusudi kwa matumizi ya majumbani na maofisini, huko nje kwenye intaneti hazitembei kabisa. Kwa hiyo ulipoiandika ukiwa Mtwara, kompyuta yako ilitafuta humohumo ndani kwako, na kwa kuwa nayo ina namba hiyohiyo ilikuwa inajitafuta yenyewe. Nachingwea haikufika hata hatua moja.

Sasa utasema basi nitumie namba ya nje, ile ambayo modemu ya mzee inaonekana nayo intaneti. Hapo ndipo yule kijana wa steshenari alipokuwa anaelekea, na hajakosea moja kwa moja, kuna aina za intaneti ya waya ambazo maelezo yake yangefanya kazi. Kwa laini ya simu hapana. Namba za IP za mtindo wa zamani ambazo bado ndizo zinatumika zaidi ziko kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima na zilishagawiwa zikaisha, kwa hiyo makampuni ya simu yanawaweka wateja wengi nyuma ya namba moja ya nje. Chukulia shule yenye sanduku moja la posta, mzee atalielewa hili vizuri kuliko mtu yeyote. Walimu wote wanaandika barua kwa S.L.P. ileile, barua zinatoka, majibu yakirudi karani anajua hii ya mwalimu gani kwa sababu iliyotoka aliiandika kwenye daftari. Lakini mtu wa mbali akituma barua kwenye S.L.P. ile bila kutaja jina, karani hana wa kumpa, inabaki mezani. Laini zenu ziko hivyo, kinachoanzia ndani kwenda nje kinapita na jibu lake linarudi, kinachoanzia nje hakina pa kufikia. Ukifungua poti kwenye modemu ya mzee umefungua upande wa nyumbani tu, kizuizi chenyewe kiko kwenye mitambo ya kampuni ya simu ambako mimi na wewe hatufiki.

Hili unaweza kulihakikisha mwenyewe leo. Fungua brauza uandike 192.168.8.1, ingia kwenye ukurasa wa modemu yako, tafuta palipoandikwa WAN IP, yaani namba ya upande wa nje ya modemu. Halafu kwenye Google tafuta what is my ip, uone namba inayotoka. Kama hazifanani, au ile ya kwenye modemu inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, basi uko kwenye sanduku la pamoja (hizo za 100.64 zilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyohiyo ya makampuni ya intaneti). IP ya peke yako inauzwa, lakini kwa kawaida ni bidhaa ya wateja wa biashara na wewe huihitaji.

Na hata ungeipata nisingekushauri ufungue 3389. Hiyo poti (mlango wa mawasiliano wa kompyuta) inajulikana dunia nzima kwamba ndiyo ya Remote Desktop, na kuna mashine za wahalifu zinazunguka intaneti usiku na mchana zikijaribu kila namba ya IP kuona nani kaiacha wazi, zikiipata zinaanza kubahatisha paswedi bila kuchoka. Mei 2019 Microsoft walitangaza udhaifu mmoja uliopewa jina la BlueKeep, ambao ulimwezesha mtu kuingia kwenye Windows 7 na za nyuma yake kupitia hiyo Remote Desktop bila hata kuwa na paswedi, na uzito wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba walitoa marekebisho mpaka kwa Windows XP ambayo walishaacha kuihudumia tangu 2014. Kuna watakaokwambia badilisha namba ya poti uweke nyingine, lakini hiyo inawachelewesha tu, mashine inayopekua namba zote itaifikia.

Halafu kuna jambo lingine kuhusu Remote Desktop ambalo huwa halisemwi. Laptopu nyingi za madukani zinakuja na Windows Home, na Windows Home haipokei Remote Desktop, inaweza kwenda kwa mwenzake tu, anayepokea lazima awe Pro au zile za maofisini na mashuleni. Angalia ya mzee kwenye Settings, System, About. Na hata ikiwa Pro, ukiingia kwa njia hiyo skrini ya mzee inajifunga, wewe unaona yeye haoni, sasa utamfundishaje? Remote Desktop imetengenezwa kwa mtu anayekwenda kwenye mashine yake mwenyewe, siyo kwa watu wawili kuangalia kitu kimoja. Na ukikutana na vile vifaili vya kuilazimisha Home ifanye kazi ya Pro achana navyo, unakuwa umechokonoa Windows ya mzee kwa kitu ambacho hata aliyekitengeneza humjui.

Njia inayofanya kazi kwenye laini za simu ni kwamba kompyuta zote mbili zinaanza safari kutoka ndani kwenda nje, zinakutana kwenye sava ya katikati (kompyuta ya wenye programu iliyoko intaneti), ile sava inazitambulisha, na baada ya hapo zikiweza kuongea moja kwa moja zinaongea, zikishindwa mazungumzo yanapitia hapohapo kwa sava muda wote. Kwa kuwa kila upande ndio ulioanza safari, hakuna poti ya kufungua wala IP ya kununua. Quick Assist, AnyDesk, TeamViewer, RustDesk, Chrome Remote Desktop zote zinakutana kwa sava hivyo, zinatofautiana kwenye masharti na urahisi, na zote zinafunga mazungumzo kwa usimbaji ili anayepita njiani asisome.

Kwa mzee mimi ningeanza na Quick Assist na ningehitaji sababu nzuri sana ya kuiacha niende kwingine. Ni ya Microsoft wenyewe, mara nyingi kwenye Windows 10 na 11 ipo tayari, na kama haipo au ni ile ya zamani inapatikana bure Microsoft Store. Wewe unayesaidia ndiye unayehitaji akaunti ya Microsoft, mzee hahitaji chochote. Unafungua kwako, unachagua kumsaidia mtu, inakupa kodi fupi ya kuunganishia inayoisha muda wake baada ya dakika 10. Unampigia mzee, yeye anabonyeza Ctrl na kitufe cha Windows na Q kwa pamoja, anaiandika ile kodi, anakubali kushea skrini, unaanza kuona anachokiona. Kuona tu. Ukitaka kushika mausi unaomba, na kwake kinatokea kidirisha cha kukubali au kukataa. Mkimaliza anafunga dirisha, na kesho hakuna namna ya wewe wala mtu mwingine kurudi kwa kodi ile.

Hapo kwenye kuomba usipite haraka. Huyo ni mzee wako tena mwalimu, mtu aliyesimama mbele ya darasa miaka yote hiyo, mausi ikianza kutembea yenyewe kwenye skrini yake bila neno inamvunja moyo na safari ijayo hatakupigia, atakaa na tatizo lake. Mwambie baba naomba nikuonyeshe mara moja, onyesha, halafu mwachie afanye yeye huku wewe unaangalia. Kuna njia ya kuona tu bila kushika, na mambo mengi, kama hilo la maandishi kuwa makubwa, yanaisha kwa kuona tu, kama ni kwenye brauza unamwambia shika Ctrl na sifuri basi. Na kabla hamjaanza mwambie afunge barua zake na chochote asichotaka kukionyesha, na kama kwenye hiyo laptopu kuna hesabu za AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) za wakulima wengine pamoja na zake, basi ni vizuri viongozi wenzake wajue kwamba kuna mtoto wake anasaidia kutoka Mtwara, hela za watu zina maneno.

Kuna sehemu moja utakwama nayo. Mkitaka kuinstoo programu au kubadilisha kitu kikubwa, Windows inatoa swali la ruhusa, na wakati huo kwako skrini inakuwa nyeusi. Haijaharibika, imefanywa hivyo kusudi swali lile lijibiwe na aliyekaa mbele ya mashine. Msomee mzee kwa simu, mwambie hapo kuna Yes, aibonyeze, picha itarudi.

Kuhusu AnyDesk. Ni programu halali ya kampuni ya Ujerumani, sawa na TeamViewer ambayo nayo ni ya huko, na mafundi wengi wanaitumia. Matapeli wanaipenda kwa sababu ileile tunayoipenda sisi, ni nyepesi na haihitaji setingi. Anapiga simu anajitambulisha ni wa benki au wa mtandao wa simu, anasema akaunti yako ina shida, weka programu hii nisomee namba hizo, na ukimsomea yuko ndani. Februari 2024 AnyDesk wenyewe walitangaza kuwa mifumo yao iliingiliwa, wakabadilisha vyeti vyao vya usalama na kuwataka watu watumie toleo jipya, kwa hiyo ukiitumia ichukue kwenye tovuti yao tu, usichukue ya kwenye flashi ya mtu. TeamViewer ya bure ni kwa matumizi binafsi, na ikihisi unafanyia biashara inakukatia katikati ya kazi. RustDesk ni ya bure na msimbo wake uko wazi, mimi naipenda, lakini kwa mzee ni kitu cha kumfundisha upya wakati Quick Assist ipo.

Cha kumfundisha mzee ni kimoja, na mfundishe kabla hujamfundisha kubonyeza chochote: haingizi kodi wala hasomi namba kwa mtu aliyempigia yeye. Zingatia kwamba kwenye AnyDesk namba inatoka kwa anayesaidiwa, kwenye Quick Assist inatoka kwa anayesaidia, kwa hiyo kumwambia tu "usimpe mtu namba zako" hakutoshi, tapeli naye anaweza kumpa namba yeye aiandike. Mkubaliane kwamba mzee ndiye anaanza, yeye anakupigia wewe kwenye namba yako anayoijua, kama hakuanza yeye basi hakuna kushea. Na hakuna mfanyakazi wa benki wala wa mtandao wa simu anayehitaji kuona skrini yake au kujua PIN yake, kwa sababu yoyote ile.

Bando sasa. Programu hizi hazitumi picha nzima kila sekunde, zinatuma zaidi kilichobadilika. Ukurasa wa Excel uliotulia unakula kidogo sana, video ikicheza kwenye skrini ya mzee inakula kama vile unaiangalia mtandaoni. Kwa makadirio ya kupigia hesabu, mkondo wa megabiti 1 kwa sekunde ukienda mfululizo saa nzima ni kama MB 450, kazi za kurekebisha setingi mara nyingi ziko chini ya hapo kwa sababu skrini inakaa bila kubadilika. Na bando linaliwa pande zote mbili, wewe unashusha mzee anapandisha, kwa hiyo kabla hamjaanza hakikisha naye ana salio. Nyuma ya skrini ya laptopu aweke rangi moja badala ya picha, afunge vitu vinavyochezacheza, na usiku masasisho ya Windows yakiwa yanashuka msianze. Settings ina sehemu ya Data usage inayoonyesha kila programu imekula kiasi gani, fanyeni kazi mara ya kwanza halafu angalia namba yenyewe, utajua bando lako linabeba vikao vingapi.

Kingine, kasi utakayoiona wewe inategemea zaidi uwezo wa laini ya mzee kupandisha, maana skrini yake ndiyo inasafiri. Kama siku nyingine anatumia hotspoti ya simu badala ya modemu, usimpigie kwenye laini hiyohiyo. Sehemu ambazo mtandao ni dhaifu simu inashuka 2G wakati wa maongezi na intaneti inasimama, mnabaki mnalaumiana kumbe ni simu. Mpigie kwa simu ya mama. Modemu iwekwe dirishani upande wenye mnara, hilo peke yake limewahi kuokoa kazi nyingi.

Kwa kompyuta yako ya nyumbani hali ni nyingine, kwa sababu hakuna mtu wa kukubali upande wa pili. Hapo chukua Chrome Remote Desktop, ni bure, unaiweka kwenye kompyuta ya mezani ukiwa umeingia kwa akaunti yako ya Google, unaweka PIN ya tarakimu 6 au zaidi, na popote ulipo unaingia kwa akaunti hiyo na PIN hiyo. Maana yake akaunti yako ya Google sasa ndiyo funguo ya nyumba, kwa hiyo washa uthibitishaji wa hatua mbili kabla hujaweka, siyo baada. PIN isiwe mwaka wa kuzaliwa wala ile ya kutolea hela. Na kompyuta iliyolala haifikiki, nenda kwenye setingi za umeme uweke isilale, skrini unaweza kuizima. Umeme ukikatika na kurudi inabaki imezimwa, labda uingie kwenye BIOS (setingi za mashine zinazofunguliwa kabla ya Windows kuwaka) utafute mpangilio wa kujiwasha umeme ukirudi, mashine nyingi za mezani zinao. Lakini jiulize kwanza unafuata nini. Kama ni mafaili tu, weka folda hiyo kwenye Google Drive au OneDrive, utayapata bila kuacha mashine inawaka kutwa na kula luku. Wengi wanaoniuliza kuingia kwenye kompyuta ya nyumbani walikuwa wanahitaji mafaili mawili matatu tu.

Upande wa kazini, usiinstoo chochote kwenye kompyuta ya ofisi kabla hujaongea na afisa TEHAMA wenu. Kifaa siyo chako, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahesabu kuingia kwenye mfumo bila ruhusa kuwa kosa, usijiweke kwenye maelezo marefu kwa kitu unachoweza kukifanya na laptopu yako.

Windows 10 ya mzee ilifika mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Itaendelea kuwaka, ila matundu mapya hayazibwi mpaka ujiandikishe kwenye ule mpango wa nyongeza wa Microsoft au uhamie Windows 11 kama mashine inakubali. Kwa mashine inayoshewa kutoka mbali hili ni la kufanya mapema.

Mara ya kwanza nenda mwenyewe. Siku ukipanda gari kwenda kumsalimia, kaa naye mezani, weka Quick Assist kwenye taskbar aione, fanyeni jaribio yeye akiwa sebuleni na wewe nje kwenye laini yako, mwandikie hatua kwenye karatasi kwa maandishi makubwa aibandike. Jaribio moja mkiwa pamoja linawaokoa simu nyingi baadaye.

Na kuna matatizo ambayo hii haiyatibu, hayo yanataka fundi wa mkono. Laptopu isiyowaka au isiyofika kwenye Windows huwezi kuiona kutoka Mtwara. Diski inayogonga au mafaili yanayopotea yenyewe, azime asiendelee kuitumia, ipelekwe kwa fundi pale Nachingwea au Masasi ikiwa imezimwa, kila dakika inayowaka inaweza kupoteza zaidi. Kama kuna fundi aliyewahi kuitengeneza na ukakuta programu ya kuingilia kutoka mbali ambayo hamkuiomba, iondoe na ubadilishe paswedi. Na ikitokea mzee ameshamruhusu mtu asiyemjua, achomoe modemu hapohapo, wewe kwa kifaa kingine badilisha paswedi ya barua pepe yake kwanza halafu nyingine, pigia benki na mtandao wa simu kwa namba zao rasmi wazuie miamala, ile namba ya tapeli itumeni kwa SMS kwenda 15040, mtoe taarifa polisi kama kuna hela imeondoka, na laptopu isirudi intaneti mpaka fundi ahifadhi mafaili na kuisimika Windows upya.